Barua ya wazi kwa mbunge wetu: hotuba tumezisikia, sasa uliza

Mheshimiwa,

Mimi ni Mtanzania na ni mpiga kura wako. Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kuchagua mbunge, ingawa wenzetu wengi hapa mtaani hawajui, na huenda nanyi wanasiasa hamna haraka ya kuwaambia.

Nimesoma Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, tangu uchaguliwe. Unasema vizuri. Mjadala wa uhamiaji ulipopamba moto ulisimama ukawasifu wauguzi na walezi wa wazee, tukakushukuru. Ila waziri alikupongeza, akaketi, habari ikaishia hapo.

Swali la maandishi humbana zaidi. Jibu linatoka kwa jina lake na linabaki kwenye kumbukumbu. Unaweza hata kupanga siku ya kujibiwa, na maswali ya namna hiyo unaruhusiwa matano kwa siku. Kuhusu viza za familia nimeona umeuliza moja tu, tena pana mno: serikali ina mpango gani? Ukajibiwa kwamba sera inaangaliwa mara kwa mara. Ulitegemea nini, Mheshimiwa?

Tangu tarehe 11 Aprili 2024, anayetaka kumleta mwenzi wake anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kutoka 18,600. Mwezi mmoja kabla yake, walezi wapya wa wazee kutoka nje walizuiwa kuja na wenzi na watoto. Basi uliza: ni waombaji wangapi wamekataliwa kwa sababu ya kipato pekee, na wangapi kati yao wana mtoto ambaye ni raia wa Uingereza? Wakikwambia kuzitafuta takwimu hizo ni gharama kubwa, punguza: miezi mitatu, nchi moja. Wakikwepa tena, rudi tena.

Machi 1959, watu 11 waliozuiliwa kambini Hola, Kenya, walipigwa hadi kufa, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ikasingizia maji waliyokunywa. Barbara Castle, mbunge wa Blackburn hapa Uingereza, alikuwa miongoni mwa waliong'ang'ania jambo hilo hadi Bunge likakesha kulijadili Julai. Na Hola hakukuwa na kura yake hata moja. Hapa kwako zipo.

Rasimu ya maswali matatu ninayo. Nipangie siku nikuletee ofisini.

Mpiga kura wako