Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama, walimu wa Kiswahili wa sekondari

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita nilisimama kupinga hip hop kuingizwa kwenye vipindi vya ushairi. Nilisema darasa si jukwaa. Muhtasari anao katibu, siwezi kuruka.

Walionigeuza ni wanafunzi wa Kidato cha Tatu. Mwenzetu mmoja aliniomba nikae nyuma ya darasa siku aliyofundisha "Ndio Mzee", wimbo wa Professor Jay wa mwaka 2001. Yeye akawa mwanasiasa anayemwaga ahadi, darasa likawa umati unaoitikia. Kila ahadi ilipozidi kuwa ya ajabu, itikio nalo lilizidi kupaa. Kisha akauliza: anayechekwa hapa ni nani, anayeahidi au anayeitikia? Walibishana mpaka kengele ikalia. Kejeli, nafsineni (yule anayesema ndani ya utungo), nafasi ya hadhira, vyote walivitaja wenyewe kabla mwalimu hajashika chaki. Binti mmoja akakumbusha kwamba msanii huyo alikuja kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, vicheko vikaanza upya.

Kilichotusumbua mwaka mzima ni mizani. Shairi la kimapokeo tunalihesabu silabi, nane kwa nane. Anayechana, yaani anayerap, hufuata biti: anaweza kubana silabi kumi na mbili mahali pa nane na asitoke kwenye mdundo. Baadhi yetu tulikuwa tunasahihisha michano ya wanafunzi kwa kuhesabu vidole, tukiwakata maksi bure. Kamati imeamua michano ipimwe kwa kugonga meza, shairi la kimapokeo kwa kuhesabu, na mwanafunzi azijue njia zote mbili. Chumba cha mtihani hakina biti.

Kwa wanaosema huu ni ugeni: ni kweli, hip hop ilianzia Bronx, New York, mwaka 1973. Lakini kutupiana mistari hatukufundishwa na Bronx. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana na washairi wenzake kwa tungo pale Mombasa, tena kwa makali. Tunapendekeza kipindi cha malumbano kianze kwake, ndipo vijana wachane.

Dosari zilikuwepo. Shule moja ilisimamisha vipindi hivi baada ya spika kuvuruga jaribio la hesabu la darasa jirani. Kosa lilikuwa letu. Wimbo nao usikilizwe wote kabla ya kuingia darasani, si ubeti wa kwanza tu; wanaohusika wanajua kwa nini nasema hivi. Na mwalimu asijifanye msela. Nilijaribu kuchana mara moja, wanafunzi wakanihurumia, na huruma yao iliniuma kuliko kuzomewa.

Hesabu za fedha atazisoma mtunza hazina. Spika ya chama iko kwangu, waya wake umekatika. Anayejua kulehemu anione kabla ya chakula cha mchana.