Salma, babu asitie dole gumba

Greenville, South Carolina

Shoga yangu Salma,

Salaam nyingi. Mimi mzima, hofu ni kwenu. Zile kanga ulizompa Mwanaidi zimefika, ahsante, mengine nitakupigia. Leo nina moja tu: ile karatasi ya shamba la Pangani, babu asiitie dole gumba mpaka asomewe yote kwa Kiswahili, kuanzia juu mpaka chini.

Tangu uniambie mnunuzi anamhimiza, "ni kawaida tu mzee, weka hapa," sijatulia. Na Jumapili nikaenda kwenye nyumba aliyofia Joe Jackson, siku hizi ni makumbusho. Huyu alikuwa mchezaji wa besiboli. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma kabisa ya uwanja na kudaka mipira inayopaa, lakini sifa zake zilikuwa kwenye gongo. Mwaka 1911, akiwa Cleveland, wastani wake wa kupiga mpira ulikuwa .408, yaani alifanikiwa kama mara nne katika kila kumi; mchezaji akifikisha .300 tu anaitwa hodari. Walimwita "Shoeless", asiye na viatu, kwa sababu siku moja viatu vipya vilimchubua, akavivua akacheza na soksi.

Salma, mtu huyo hakujua kusoma. Tangu mdogo alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo hapa Greenville, shule ikampita. Mkewe Katie ndiye aliyekuwa akimsomea na kumwandikia. Basi mwanzoni mwa 1920 Harry Grabiner, katibu wa Chicago White Sox, timu aliyokuwa akiichezea wakati huo, akamfuata Savannah na mkataba: miaka mitatu, dola 8,000 kwa mwaka. Mikataba ya siku zile ilikuwa na kifungu cha kumwezesha mwenye timu kumwachisha mchezaji kwa notisi ya siku kumi. Jackson alieleza mahakamani kwamba aliambiwa kifungu hicho kimeondolewa. Akatia sahihi. Kumbe kimo.

Najua utaniambia naye hakuwa msafi. Ni kweli. Fainali za 1919 wachezaji wa White Sox waliziuza kwa wacheza kamari, na Jackson alikiri kupokea dola 5,000, ingawa kwa gongo alikuwa na wastani wa .375 katika fainali hizo hizo. Agosti 1921 mahakama iliwaachia yeye na wenzake, kesho yake Jaji Landis, kamishna wa besiboli, akawapiga marufuku kucheza maisha yao yote. Alifariki 1951; marufuku hiyo imeondolewa Mei 2025. Hayo wabishane wenyewe. Mimi nimebaki na ile sahihi. Mwaka 1924 kesi yake dhidi ya klabu, ya kudai mshahara wa mkataba ule, ilisikilizwa kule Milwaukee, jopo la wananchi likampa haki, jaji akatengua, akisema Jackson amedanganya kizimbani. Mwisho hakuondoka na ushindi.

Babu anaijua ile minazi mmoja mmoja, na hesabu za nazi hakuna anayemdanganya. Lakini maandishi atayajuaje? Marehemu bibi ndiye aliyekuwa macho yake, na sasa hayupo. Nikilifikiria hilo nalia.

Karatasi iko kwa nani sasa? Ina kurasa ngapi, na ni Kiingereza kitupu? Mipaka imetajwa, au imeandikwa "shamba" tu? Mjomba Shaibu ameshapokea pesa yoyote? Yule mtoto wa Bi Zuhura aliyesomea sheria bado yuko Tanga? Mpelekee leo, shoga, nauli nitatuma. Na unipigie picha kila ukurasa, hata ule wenye maandishi madogo.

Wako,
Tatu