Wodi za kifua kikuu zisiitwe majumba ya mashetani

Mhariri,

Nimesoma makala mliyochapa kuhusu vijana wanaoingia kwenye majengo matupu ya Ulaya kutafuta picha za kutisha. Moja ya picha hizo niliitambua papo hapo. Ni Beelitz-Heilstätten, hospitali ya zamani ya kifua kikuu karibu na Berlin, Ujerumani, ambayo mwandishi wenu ameiita hospitali ya jeshi yenye mashetani. Nilifika pale nilipokwenda kumsalimia binti yangu, na maisha yangu ya kazi nimeyamaliza nikiuguza wagonjwa wa kifua kikuu. Naomba nafasi na mimi niseme.

Jeshi lilikuta hospitali imeshasimama. Shirika la bima la wafanyakazi wa Berlin lilianza kuijenga mwaka 1898, kwa sababu vibarua wa viwandani walikuwa wakipukutika kwa TB kwenye vyumba walivyobanana. Kufikia 1930 majengo yalikuwa kama 60, katikati ya misonobari, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Dawa haikuwapo; streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kutibu TB, ilikuja kugunduliwa 1943. Mgonjwa alitibiwa kwa hewa safi, jua, chakula na kupumzishwa. Ndiyo maana baraza zake ni pana kiasi cha kutoa vitanda nje.

Ndani niliziangalia kuta. Pale ukuta unapokutana na ukuta mwingine fundi amepaviringisha, hakuacha kona. Nilipitisha kiganja kwenye ule mviringo, binti yangu akaniuliza mama unatafuta nini. Aliyewahi kudeki wodi ya kifua atanielewa: vumbi hukaa konani, na kitambaa hakilifikii. Mtu aliyechora jengo lile alikuwa amewafikiria wagonjwa, na alimfikiria pia mwenye ndoo na dekio.

Habari za wakubwa waliolazwa pale zinajulikana. Adolf Hitler alitibiwa jeraha la mguu mwaka 1916, akiwa askari tu. Erich Honecker, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, alijihifadhi pale baada ya kung'oka madarakani, hadi alipopelekwa Moscow mwaka 1991. Jeshi la Kisovieti liliichukua hospitali mwaka 1945 na kuondoka 1994. Kwangu mimi, wenye nyumba ni wale vibarua ambao majina yao hayatajwi.

Askari walipoondoka, sehemu kubwa ilibaki bila mtu. Vioo vikavunjwa, mabomba yakang'olewa, mvua ikaingia. Jengo moja la wanawake, liitwalo Alpenhaus, liliungua wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na halikukarabatiwa. Leo miti imeota juu ya paa. Mwaka 2015 ilifunguliwa njia ya kutembea juu kwa juu, zaidi ya mita 20 kutoka ardhini, na mtu hulitazama gofu lile bila kuligusa. Unalipa kiingilio, na kwa majengo mengine unaingia na mwongozaji. Majengo mengine yamekarabatiwa, na watu wanaishi humo. Huo ndio utaratibu ninaoutaka, na siyo kijana kuruka ukuta usiku na simu mkononi, akanyage sakafu iliyooza.

Nimeumia na neno mashetani kwa sababu nimeona linavyofanya kazi hapa kwetu. Nimeuguza kina mama ambao ndugu zao waliogopa kuvuka mlango wa wodi. Nao pia waliambiwa wamelogwa, wamelaaniwa, nyumba yao ina kitu. Tukiwafundisha watoto kwamba palipolala wagonjwa wa TB pana mapepo, kesho wakikohoa wataficha.

Na sisi tuna majengo ya aina hiyo. Hospitali ya kifua kikuu ya Kibong'oto kule Siha iliwekwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro kwa hesabu ileile ya hewa, na namshukuru Mungu bado inatibu. Lakini katika hospitali moja niliyofanyia kazi, wodi ya zamani yenye baraza ilibomolewa, na rejista zake zikachomwa nyuma ya jiko. Zilikuwa na majina, vijiji, uzito wa kila wiki. Nilikuwepo na niliomba tupewe walau siku moja tuzihamishe. Sikusikilizwa.

Mhariri, tumeni mwandishi na mpiga picha mchana, kwa kibali, wazungukie wodi kuu kuu za wilayani kabla paa hazijaanguka. Wakutane na wauguzi na wahudumu wastaafu; wengi tupo na bado tunakumbuka kitanda gani kilikaa wapi. Mimi niko tayari kuwatembeza.

Muuguzi mstaafu,
Moshi