Barua kwa mwanangu anayeanza udaktari: chunga saini yako

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumbani. Baba yako anaendelea vizuri na dawa zake za presha, na wadogo zako wanakusalimu. Umeniandikia kwamba mwezi ujao unaanza mwaka wa mafunzo kazini, na kwamba wenzako wanazungumza mno habari za madaktari wanaofikishwa mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika, hata wengine wameapa kumwandikia kila mgonjwa kila kipimo kilichopo ili baadaye wasiulizwe. Hofu ya namna hiyo siiungi mkono. Vipimo visivyo na sababu humtia mgonjwa hasara, wala havimkingi daktari. Katika miaka yangu ya uuguzi wa chumba cha upasuaji, yaliyowaponza madaktari mara nyingi yalikuwa ni yale waliyodhani kwamba mtu mwingine ameshayafanya, wakaweka saini zao.

Bila shaka umesimuliwa yaliyotokea mwaka 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambapo wagonjwa wawili waliokuwa na jina la kwanza linalofanana walibadilishiwa upasuaji: wa goti akafunguliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Mwaka 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi ikampasua kichwa mgonjwa ambaye hakuhitaji upasuaji huo, kwa kuwa vitambulisho vilichanganywa. Hizo ni hospitali kubwa, zenye wapasuaji wanaoijua kazi yao. Kwa hiyo, hata ukimkuta mgonjwa ameshalazwa mezani na faili limeshafunguliwa, muulize wewe mwenyewe majina yake yote na anachokuja kufanyiwa, na kama hawezi kusema, linganisha kitambulisho cha mkononi na faili pamoja na picha zake kabla hajapewa dawa ya usingizi.

Ile orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, usiione kuwa mambo ya wazungu. Mojawapo ya hospitali 8 zilizoijaribu ilikuwa ya kwetu Ifakara, na matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba katika hospitali hizo kwa jumla vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini nimewaona madaktari wakiijaza karatasi hiyo kwenye chai, mgonjwa akiwa ameshapelekwa wodini. Karatasi iliyojazwa hivyo ni afadhali isingekuwepo, kwa sababu siku ya kuulizwa itaonyesha kwamba ulithibitisha jambo ambalo hukuliangalia.

Suala la ridhaa ndilo linalonisumbua zaidi, maana hapo mazoea yetu ni mabaya. Daktari humwambia muuguzi, "Kamsainishe yule," na muuguzi naye humtafuta mume nje ya wodi ili aweke saini kwa ajili ya upasuaji wa kujifungua wa mkewe, ilhali mwanamke huyo ni mtu mzima, ana akili timamu, na yupo macho akisikia kila neno. Mume akaribishwe asikie, hata akina shangazi kama mgonjwa mwenyewe anataka, lakini mwenye mwili ndiye mwenye kuridhia. Umweleze wewe unayempasua, au aliye na ujuzi wa kumpasua: faida, hatari, njia nyingine iliyopo, na yatakayompata asipofanyiwa. Kama Kiswahili chake ni kizito, tafuta mtu mzima wa kutafsiri, usimtumie mwanawe mdogo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimpa haki mama mwenye kisukari ambaye hakuelezwa hatari ya mabega ya mtoto kukwama wakati wa kuzaa. Sheria yetu ya uzembe ina mizizi huko, kwa hiyo usishangae wakili wa Dodoma akiitaja hukumu hiyo.

Kuhusu faili, andika saa, si tarehe peke yake. Sheria ya Ukomo inampa mtu miaka 3 kufungua madai ya uzembe mahakamani, na kufikia wakati huo utakuwa umeona wagonjwa wengi hata sura ya huyu mmoja imekutoka. Kama damu haikupatikana, au mashine ilikuwa mbovu, au bingwa alipigiwa simu hakupokea, yaandike hayo bila kejeli na bila kumshutumu mtu, kwa sababu usipoyaandika, upungufu wa hospitali utahesabiwa kuwa uzembe wako. Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja unaoacha maneno ya awali yakisomeka, kisha weka tarehe na saini. Picha za wagonjwa kwenye makundi ya WhatsApp ziache kabisa. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, ni aibu.

Na siku mambo yakiharibika, usijifiche chumba cha madaktari ukamwacha muuguzi wa zamu akabiliane na ndugu. Nenda pamoja na mkubwa wako wa kazi, mkae nao mahali pa faragha, muwaeleze kilichotokea kwa kadiri mnavyokijua, wala msimtupie lawama aliyewakabidhi zamu. Nimeona familia zikikubali habari nzito zilizosemwa mapema na kwa heshima, na nimeona nyingine zikienda kwa wakili kwa sababu tu ziliachwa kwenye korido tangu asubuhi hadi jioni bila mtu wa kuzisemesha.

Ukifika huko, kabla ya zamu yako ya kwanza ya usiku, muulize msimamizi wako nani anayepigiwa simu mgonjwa akizidiwa, na nani wa pili endapo huyo hapokei. Majina hayo yaandike mahali utakapoyaona haraka, kisha uwapigie bila kuona haya, hata kama wana sifa ya ukali.

Wasalimie wenzako.

Ni mimi,
Mama yako