Barua kwa Salim kuhusu mguu wa Zeituni

Nairobi

Ndugu yangu mpendwa Salim,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima wa afya. Sisi huku hatujambo, mama anakusalimu na hachoki kukuombea dua, na masika imetushukia sawasawa. Nimekaa kimya tangu Idi Kubwa ya mwaka jana na kosa ni langu, lakini leo imenilazimu kukuandikia kwa sababu Zeituni, farasi jike wetu sisi watano, ameumia, na kura yako inahitajika kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Ilikuwa Jumapili iliyopita uwanjani Ngong, katika mbio ya tatu, ya mita 1600. Alitoka vizuri, akakaa nafasi ya pili upande wa ndani mpaka kona ya mwisho, nami nilikuwa nimekwisha simama kwa furaha. Zilipobaki kama mita 300 nilimwona akifupisha hatua. Hakuanguka wala hakuyumba, alifupisha hatua tu, na joki akalihisi jambo hilo kabla yetu, akavuta hatamu na kushuka upesi. Nilipowafikia, saisi, mtunzaji wake, alikuwa amekwisha kumvua tandiko na kumwekea mkono shingoni. Zeituni alisimama akigusisha chini ncha tu ya ukwato wa mguu wa mbele wa kushoto, masikio yamelala nyuma, jasho linamdondoka tumboni. Nilipitisha kiganja nyuma ya muundi wake nikasikia joto kama la kikombe cha chai, na kulipokucha pale mahali palikuwa pamevimba kwa umbo la upinde, mithili ya ndizi iliyofichwa chini ya ngozi.

Daktari alimpima Jumatano kwa mashine ya mawimbi ya sauti, akatuonyesha kwenye kioo doa jeusi katikati ya kano, pale ambapo nyuzi zimekatika. Alitueleza kwamba farasi wa kilo 450 anapokwenda shoti, mguu mmoja wa mbele hubeba kwa kitambo kidogo mzigo unaozidi mara mbili ya uzito wake wote, na kano hiyo ndiyo inayovutika na kurudi kila hatua. Nyuzi zikikatika huungwa na kovu, na kovu halina mvutiko wa nyuzi za asili. Kwa hiyo wengi wanaorudishwa mbioni huumia tena palepale au jirani yake. Anataka mapumziko yasiyopungua mwaka, mwanzo akiwa bandani na kutembezwa kwa mkono dakika chache tu kila siku, na picha mpya kila baada ya miezi 3.

Sasa hapa ndipo tulipogawanyika. Baba Neema na shemeji yake wamepata mnunuzi ambaye yuko tayari kumchukua leo, ampumzishe miezi michache, kisha amrudishe kwenye mbio. Mzee na mimi tumekataa. Tuko wawili kwa wawili, nawe ndiwe mwenye hisa ya tano.

Sisemi kwamba Baba Neema hana haki ya kulalamika. Gharama unazijua: ada ya mkufunzi kila mwezi, nyasi kavu na shayiri, fundi wa viatu, daktari, ada za kuandikisha farasi kwenye mbio, na zawadi ya ushindi mara nyingi hailipi hata miezi miwili ya hayo. Zamani Nakuru na Eldoret zilikuwa na mbio zao, leo tumebakiwa na Ngong peke yake, na vijana ambao wangeweka dau langoni wanaliweka kwenye mpira kwa simu zao. Kumlisha kwa mwaka mzima farasi asiyekimbia ni mzigo, nami naukubali. Nisichokikubali ni kumkabidhi kwa mtu aliyeambiwa kuhusu kano hiyo, akauliza tu ni lini atakimbia.

Umewahi kuniambia kwamba hospitali za farasi huko Dubai zina kila kitu, na najua ukisoma habari hii wazo la kwanza litakuwa kumleta huko. Haiwezekani kwa urahisi, ndugu yangu. Ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi, unaochachamaa kila mvua zikizidi, upo katika nchi yetu, na hata kama Zeituni amechanjwa kila mwaka, farasi atokaye huku hapokewi huko bila karantini ndefu na vikwazo vinavyozidi uwezo wa watu watano kama sisi. Alipo ndipo atakapopona.

Pendekezo langu ni kwamba asikimbie tena kamwe, apumzike mwaka wake, kisha awe mama. Mzee amejitolea malisho yake kule Molo bila kodi kwa mwaka wa kwanza. Jana usiku nilitoa hati yake ya nasaba nikaisoma upya, na nilipomfuata baba wa baba wa baba, nilirudi hadi kwa yule dume aliyenunuliwa mjini Halab, Syria, na kupelekwa Uingereza mwaka 1704, ambaye ukoo wa kiumeni wa farasi walio wengi wa mbio duniani unaishia kwake. Damu hiyo haikukatika pamoja na kano. Zeituni ameandikishwa kwenye kitabu cha nasaba, ana umri wa miaka 5 tu, na mama yake alizaa washindi wawili pale pale Ngong.

Nimepiga hesabu ya muda pia, ili usidhani naota. Farasi wa mbio hakubaliwi kuandikishwa kama hakutungwa kwa dume kumpanda jike, mbegu za chupa haziruhusiwi, kwa hiyo itabidi tumsafirishe hadi kwa dume na kulipa ada yake. Mimba huchukua kama miezi 11. Tukianza mwakani, mtoto atazaliwa mwaka unaofuata, na akifika miaka 3 anaweza kuingia Derby ya Kenya, mita 2400, ile ambayo imekuwa ikikimbiwa tangu mwaka 1914 na ambayo wewe na mimi tulianza kuitazama tukiwa tumening'inia kwenye ua wa uwanja kwa sababu hatukuwa na nauli ya kurudia, sembuse kiingilio. Ni miaka mingi, lakini sisi si watu wa haraka.

Narudi kwenye mguu kwa sababu siwezi kuuacha. Nilikwenda bandani alfajiri ya leo kabla ya kuanza barua hii. Saisi alikuwa akimmwagia maji baridi kwa mpira, dakika 20 kwa kutazama saa, kama alivyofanya tangu Jumapili bila kuambiwa na mtu, na Zeituni alikuwa amemlazia kidevu begani huku macho yamefumba nusu. Nilimwuliza saisi anaonaje. Alinijibu kwamba farasi huyu hajui kujizuia, akifunguliwa atakimbia mpaka mguu uvunjike. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike leo badala ya kungoja Ijumaa.

Basi nijibu, Salim. Je, uko pamoja nasi? Kama uko pamoja nasi, utaweza kuendelea kutoa sehemu yako kila mwezi, au tupange nikulipie mimi miezi ya mwanzo? Huko kwenye mabanda unakofanya kazi, jike mwenye kano kama hii hupumzishwa muda gani kabla ya kupandwa, na wanamlisha nini ili asinenepe kupita kiasi akiwa amesimama tu? Unaweza kumwuliza daktari wenu nikikutumia zile picha? Na Baba Neema ukiongea naye, utamwambia kwa upole kwamba sikumkasirikia? Lini unakuja? Shemeji ameshapata likizo?

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa 4 asubuhi, nyumbani kwa Mzee. Ujumbe wako wa maandishi unatosha, mradi uwe na sahihi yako.

Wasalaam,
nduguyo Athumani