Kabla ya kulisha vijidudu, tuambiwe nguo ina nini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie hizi habari za kampuni za mitindo kushirikiana na maabara, ili nguo zilizochakaa zichachushwe na vijidudu na kugeuka malighafi ya nyuzi mpya. Mimi ni fundi wa nguo. Nimeshika mkasi miaka mingi, na kila jioni nafagia chini ya meza ya kukatia vipande ambavyo havina kazi tena: vipembe vya kwapa, mapindo, kola zilizokosewa. Kusikia kwamba vipande hivyo vinaweza kurudi kuwa uzi kumenigusa sana. Ila naona kuna jambo linarukwa, tena ni lile ambalo sisi tunaoshika kitambaa tunaliona kwanza.

Kazi yenyewe naiamini. Pamba ni selulosi, na selulosi ni mnyororo mrefu wa sukari zilizoshikana mikono. Vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kuvunjwa kwa vitu, vikiukata mnyororo huo katika maji ya moto kiasi, kama sentigredi 50, yenye uchachu kidogo, hutoka glukosi, sukari rahisi. Hiyo glukosi hamira au bakteria wanaweza kuila na kutoa kitu kingine kabisa: ethanoli, asidi za kutengenezea plastiki, hata protini ya kusokotea uzi. Sufu na hariri nazo ni protini. Zikivunjwa hutoa asidi amino, ambazo pia ni lishe ya vijidudu. Kampuni ya Spiber ya Japani, inayotumia vijidudu kutengeneza protini ya nyuzi, imeungana na kampuni za mitindo na vitambaa za Kering, Goldwin, Eileen Fisher na Johnstons of Elgin kutafuta namna ya kuzifanya nguo kuukuu za asili hiyo ziwe chakula ndani ya matangi ya kuchachushia. Hata nguo iliyochanganywa pamba na poliesta, ambayo ni nyuzi ya plastiki, ina njia: vimeng'enya hushambulia pamba peke yake, poliesta ikabaki. Sisi tunaojua kwamba mchanganyiko ule hakuna mkono wala sindano inayoweza kuutenganisha, tunajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Wala si jambo geni kwa kazi yetu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mahema na sare za pamba za askari wa Marekani huko Visiwa vya Solomon ziliozeshwa na ukungu. Wataalamu waliokwenda kutafuta adui yao wakautenga ukungu huo, na baadaye ukapewa jina la Trichoderma reesei, kwa heshima ya mtafiti Elwyn Reese. Leo hii ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya vimeng'enya vya kukatia selulosi viwandani. Tangu miaka ya 1980 vimeng'enya vya namna hiyo vimekuwa vikitumika kufifisha jinzi badala ya kuzisugua kwa mawe. Kwa hiyo fundi anayepunguza urefu wa jinzi iliyopauka mapajani huenda ameshika kitambaa ambacho vimeng'enya vimekwisha kukionja.

Sasa nieleze kinachonikera.

Juzi nilifumua shati ambalo lebo yake inasema pamba asilimia 100. Nikachomoa uzi wa kiungo cha bega nikauwasha kwa kiberiti. Haukuwaka kama pamba. Ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha tone jeusi gumu ambalo halisagiki kwa kucha. Hiyo ni poliesta. Nikachoma ukingo wa kitambaa chenyewe: kikawaka kama karatasi, kikaacha majivu mepesi ya kijivu. Nikafungua kola, ndani mna kile kitambaa kigumu kinachogandishwa kwa pasi, chenye gundi ya plastiki. Vifungo plastiki. Na lebo yenyewe, ile iliyoandikwa pamba asilimia 100, nayo iliyeyuka. Hakuna aliyevunja sheria hapo, maana lebo huzungumzia kitambaa, na uzi wa kushonea hauhesabiwi.

Na hayo ni yale ninayoweza kuyaona kwa macho. Nguo zinazouzwa kwa sifa ya kutokunjamana hupakwa gundi maalumu inayoifunga minyororo ya selulosi ishikamane. Hiyo ndiyo siri ya shati kubaki limenyooka, na hiyohiyo ndiyo inayovizuia vimeng'enya kuingia. Kuna silikoni ya kulainisha. Kuna rangi za kila namna, na baadhi ya kemikali za rangi na za kumalizia kitambaa huweza kuwadumaza au kuwaua bakteria wanaotegemewa kufanya kazi. Pamba nayo, hata ikiwa safi, imepangika kwa kubana sana. Ndiyo maana kwanza husagwa na kuloweshwa katika kemikali kali, kama sodiamu hidroksidi, ndipo vimeng'enya vipate pa kushika. Kila hatua ya namna hiyo inakula maji, umeme na fedha. Ukiongeza kemikali usiyoijua jina lake, unaongeza hatua nyingine, au unamwaga tangi zima.

Ndipo ninapouliza: kampuni za mitindo zinaposema zinashirikiana, zinatoa nini? Picha za uzinduzi nimeziona. Fedha za utafiti zinatolewa, na nashukuru. Lakini kitu ambacho wao peke yao wanacho, ambacho hakuna mtafiti anayeweza kukipata bila kukisaka kwa miezi kwenye maabara, ni orodha ya kila kilichoingia katika nguo: rangi gani, dawa gani ya kumalizia, uzi gani wa kushonea, spandeksi, ile nyuzi inayovutika, kiasi gani. Hiyo wanaifungia kabatini kwa jina la siri ya biashara. Haiwezekani uwaite bakteria mezani halafu uwafiche chakula ni kipi.

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria itakayodai bidhaa ziwe na pasipoti ya kidijitali, yaani maelezo ya bidhaa yanayosomwa kwa simu, na nguo zimo kati ya zile za kupewa kipaumbele. Tena tangu Januari 2025 nchi wanachama zinatakiwa kuzikusanya nguo kuukuu peke yake, mbali na taka nyingine. Maana yake marundo yanakuja. Ombi langu kwa wanaoandaa pasipoti hiyo ni dogo na la wazi: uzi wa kushonea uhesabiwe, gundi ya kola ihesabiwe, dawa ya kumalizia ihesabiwe. Kama vitaachwa nje, pasipoti itakuwa lebo ileile ya shati langu, imehamishiwa kwenye simu.

Kuna na upande wa kubuni. Nimeshona suruali nyingi zenye spandeksi asilimia 2 ambazo mvaaji asingetambua tofauti kama isingekuwemo. Asilimia 2 hiyo inamsumbua kila atakayejaribu kuirejeleza suruali ile baadaye, awe anatumia mashine, kemikali au vijidudu. Mbunifu akiitoa pale ambapo haina kazi, akachagua uzi wa pamba kwa nguo ya pamba, amewasaidia wachachushaji kuliko tangazo lolote.

Naomba pia tusichanganye mambo. Mwaka 2021 Zara iliuza magauni ambayo sehemu ya poliesta yake ilitokana na bakteria wa kampuni ya LanzaTech, wanaokula gesi chafu za viwanda na kutoa ethanoli. Ni kazi nzuri, ila gauni lile halikutokana na nguo kuukuu hata moja. Kadhalika Carbios ya Ufaransa, inayoshirikiana na kampuni za mavazi za Patagonia, PUMA, On, Salomon na PVH, inatumia kimeng'enya kuivunja poliesta irudi katika viambato vyake vya mwanzo, ambavyo huunganishwa upya kiwandani. Hapo ni nguo kuwa nguo kweli, na mwaka 2024 walionyesha fulana nyeupe iliyotengenezwa yote kwa taka za nguo. Lakini hapo hakuna kijidudu kinachokula kitambaa tangini. Ni njia tofauti, na kila moja inataka taka zake zilizochambuliwa kwa namna yake. Msomaji akiambiwa tu kwamba "bakteria wanamaliza taka za nguo," ataona hana haja ya kujiuliza anachonunua.

Na wingi wenyewe tuutazame. Mwaka 2023 dunia ilizalisha nyuzi za nguo tani zipatazo milioni 124, na poliesta ilikuwa asilimia 57. Taasisi ya Ellen MacArthur ilieleza mwaka 2017 kwamba chini ya asilimia 1 ya malighafi inayotumika kutengenezea nguo hurudi kuwa nguo mpya. Kwa hiyo, hata uchachushaji wa pamba ukifaulu kikamilifu, zaidi ya nusu ya rundo haijaguswa. Nguo inayovalika bado ivaliwe, ishonwe, ipewe mwingine. Tangi ni la ile iliyokwisha kabisa.

Jambo la mwisho ni kununua. Kule Sundsvall, Uswidi, kampuni ya Renewcell ilifungua mwaka 2022 kiwanda cha kugeuza taka za pamba kuwa malighafi ya nyuzi. Wao walitumia kemikali, si vijidudu, lakini somo ni lilelile. Chapa kubwa ziliisifu, nyingine zikatia saini za nia njema. Oda hazikutosha, na Februari 2024 kampuni ikafilisika. Baadaye ilinunuliwa, ikaanza upya kwa jina la Circulose. Wafanyakazi waliorudishwa nyumbani katikati hapo hawakushindwa kazi yao. Kitambaa kilikuwepo, mashine zilikuwepo, mnunuzi ndiye hakuwepo. Nikisikia leo ushirikiano mpya wa uchachushaji unatangazwa, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni kama kuna kampuni iliyoahidi kwa mkataba itanunua tani ngapi, kwa miaka mingapi. Mara nyingi sikioni.

Kwa upande wangu nimeanza. Chini ya meza yangu kuna magunia manne. La kwanza naweka vipande vya pamba ninayoijua. La pili sufu, ambalo hujaa polepole. La tatu mchanganyiko wa pamba na poliesta, pale lebo ya jora inaposema hivyo na kiberiti kikakubali. La nne ni la vitambaa ambavyo sijui nivipe jina gani: vinanuka kama karatasi na kuyeyuka kama plastiki, jora halina maelezo, na muuzaji naye hajui. Hilo ndilo linalojaa kwanza kila wiki. Aliyekifuma kitambaa kile anajua alichotia ndani yake, na kampuni iliyokiagiza inajua pia. Naomba watuandikie.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa nguo