Kwa wakunga vijana mlioko leba: someni tarehe kwanza

Wanangu,

Marahaba, maana najua mmeshaniamkia kimoyomoyo.

Kuna usiku sijausahau. Mama alifika njia imefunguka sentimita 6, kadi ya kliniki kaifutika kwenye kanga. Nikaisoma kwa tochi: VVU, hasi. Nikaiweka pembeni, nikavaa glavu. Tarehe sikuitazama. Kumbe alipimwa mimba ikiwa ya miezi mitatu, hakurudia tena. Mtoto alipofikisha miezi saba, kakonda, kuhara hakukomi, ndipo tukawapima wote wawili. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeshika tochi.

Hasi ya mwezi wa tatu haijui kilichotokea mwezi wa saba. Na mwanamke aliyeambukizwa akiwa na mimba, virusi huwa vimejaa damuni. Mtoto wake yuko hatarini kuliko wa mama aliyezoea dawa zake.

Mtasema, ameshashikwa uchungu, kumpima tena kutasaidia nini? Mwaka 1999 wenzetu wa Kampala walionyesha kuwa kidonge kimoja cha nevirapini, dawa ya kupambana na VVU, kwa mama mwenye uchungu, na dozi moja ya maji kwa mtoto ndani ya siku tatu, kilipunguza maambukizi karibu nusu kuliko AZT, dawa nyingine ya VVU, ya muda mfupi. Kidonge kimoja! Leo mama anaanzishiwa ARV palepale leba, mtoto anapewa zake mapema akishazaliwa, na ziwa ananyonya. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa, tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Wakihudumiwa vizuri, hawafiki 5.

Kipimo chenyewe ni tone la kidoleni na dakika 20. Kikionyesha VVU, thibitisheni kwa cha pili. Ugumu uko mdomoni. Ngojeni uchungu upoe, inameni, semeni polepole: "Mama, kuna kipimo cha kumkinga mtoto. Nikupime?" Akikataa msimfokee, mrudieni akishajifungua. Mama mkwe atoke kwanza, na majibu yasifike kitanda cha pili. Chupa ya maji ya uzazi msiipasue bila sababu.

Leo kabla hamjakabidhi zamu, fungueni kabati mhesabu vipimo vilivyobaki, mtazame na muda wake wa kuisha. Usiku wa manane hakuna wa kumwazima.

Bibi yenu, mkunga mstaafu